Sauti ya Dada Pazia

Kabla ya kurekodi neno lolote, alizima feni. Joto liwe kali namna gani, jasho limchuruzike mpaka kwenye nyusi, alinyoosha mkono nyuma ya kiti bila kutazama, akabonyeza kitufe, akasubiri mapanga yakome kuzunguka, ndipo akashika simu. Waliokuwa chumbani walijua maana yake. Fundi aliyeshona mapazia mazito aliinua mguu kutoka kwenye cherehani. Mdogo wake aliacha kuchana utepe wa gundi wa kufungia mizigo. Na mpaka leo, ijapokuwa yeye mwenyewe harekodi tena, ikifika saa ya wateja bado ananyoosha mkono ule ule na kuzima feni, kisha anatulia kwenye kiti chake huku mwingine akizungumza.

Wateja walimwita Dada Pazia. Wengi wao hawakuwahi kumwona. Ukurasa wake mtandaoni ulikuwa na picha za madirisha ya watu: sebule zenye makochi yaliyochoka, vyumba vya watoto, ofisi ya daktari wa meno. Yeye hakuwemo. Walichomjulia ni sauti, nene kidogo, yenye mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa sentensi, kama mlango unaofunguliwa taratibu na mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Mteja akiuliza bei, Dada Pazia alimuuliza kwanza dirisha linatazama wapi. Jua linaingia asubuhi au jioni? Nani analala humo? Mtu alijikuta amesimulia habari za mama mkwe wake na kelele za baa ya jirani, na mwisho wa yote amechukua pazia zito kuliko alilokuwa amefikiria, na ameridhika.

Mdogo wake wa kike, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, ingawa sasa naye alikuwa na mvi, alikuja kumsaidia baada ya duka la viatu alimokuwa akiuza kufungwa. Alidhani atakaa kwa muda, apate pumzi, atafute kazi nyingine. Hakuondoka tena. Alichokikuta hakikuwa biashara ya kubahatisha. Chumba kilikuwa kimoja, cha mbele, chenye meza ndefu ya kukatia, majora ya vitambaa yaliyosimamishwa pembeni, na ukuta mmoja mtupu wenye mistari mitatu ya misumari. Kila oda ilikuwa na mfuko wake, na mfuko ulipanda misumari. Mstari wa chini ulikuwa wa aliyeleta vipimo. Wa kati ulikuwa wa aliyesikia vipimo vyake akavikubali. Wa juu ulikuwa wa pazia lililokwisha kushonwa, linalongoja pasi na kufungwa. Ukiingia na kutazama ukuta ule, ulijua siku yako itakuwaje kabla hujavua viatu.

Na siku ilikuwa na mipaka.

"Asubuhi ni ya mdomo," Dada Pazia alimwambia mdogo wake tangu siku za kwanza. "Mchana ni wa mkasi, jioni ni ya pasi na kamba. Ukichanganya, utakata huku unajibu watu, na kitambaa kikishakatwa huwezi kukiomba msamaha."

Ikifika saa ya mkasi, simu iliingia kwenye droo ya pete za pazia na haikutoka mpaka meza isafishwe. Wateja wapya walinung'unika. Wa zamani waliwaambia wasubiri, atajibu, hajawahi kumwacha mtu.

Jambo moja hakulilegeza hata kwa ndugu wa damu. Mfuko haukupanda mstari wa kati kabla mwenyewe hajasikia vipimo vyake vikisomwa. Si kwa maandishi, kwa sauti. Alizima feni, akavisoma taratibu, dirisha kwa dirisha: upana kutoka ncha hii ya bomba la kutundikia mpaka ile, urefu kutoka kwenye bomba mpaka sakafuni. "Sasa simama mbele ya dirisha lenyewe, mpenzi, unisikilize tena." Mteja alisimama, akasikiliza, na mara nyingi katikati ya ujumbe aligundua mwenyewe kwamba alipima kioo badala ya bomba, au alisahau kabati lililo chini ya dirisha. Kitinda alipouliza kwa nini wasiandike tu, wakaokoa muda, dada yake alicheka.

"Anayesoma atajibu 'sawa' akiwa kwenye foleni ya benki. Anayesikia lazima asimame."

Basi ule mkwaruzo ukazidi. Mwanzoni walisema ni vumbi la vitambaa.

"Dada, umemeza pamba," alisema fundi, ambaye mzaha kwake ulikuwa kama uzi, hakai bila. "Kohoa tushonee mto."

Dada Pazia alicheka, na kicheko kikamkwama. Akaanza kunywa maji ya moto. Akaanza kuvaa skafu siku za joto. Sauti ilikuja asubuhi, na kabla kazi ya mdomo haijaisha ilikuwa imekatika, akabaki na upepo mtupu. Wateja wakampa pole ya mafua. Hospitalini, daktari alipitisha kamera nyembamba puani, akatazama, akatoka nje kuzungumza na mwenzake, akarudi na uso uliopangwa. Vipimo vilifuatana. Mwishowe akawaeleza dada na mdogo wake, wamekaa pamoja upande mmoja wa meza: kulikuwa na uvimbe mbaya kooni, umeshika mahali penyewe panapotoa sauti. Ungeweza kuondolewa, na mtu akaishi. Lakini usingeondoka peke yake.

"Nitaongeaje?" akauliza Dada Pazia.

"Kwa sauti hii uliyonayo, hutaongea. Utapumua kwa tundu hapa." Daktari akagusa chini ya shingo yake mwenyewe. "Kuna vifaa, kuna mafunzo. Yanachukua muda, na si wote wanaofaulu. Sitaki kukudanganya."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea vipimo. Walipofika kwenye mlango wa chumba cha mbele ndipo akauliza kama pazia la mwalimu wa chekechea limeshapigwa pasi.

Katika wiki za kungoja nafasi ya upasuaji, alitakiwa apumzishe koo. Kitinda akaanza kuandika. Alikuwa mwepesi wa vidole, na kusema kweli alifurahi. Kazi iliyokula asubuhi nzima sasa ilikwisha kabla chai haijapoa. Vipimo viliingia, akavipanga, akavituma, mteja akajibu "sawa", mfuko ukapanda. Mstari wa kati ukajaa kuliko wakati wowote. Fundi akasema kwa mwendo huu itabidi akaazime mguu wa tatu. Dada Pazia aliutazama ukuta, akaitazama simu, asiseme neno. Maneno sasa alikuwa akiyawekea akiba.

Miongoni mwa oda zile ilikuwemo ya nesi mmoja mstaafu, mteja wa siku nyingi, aliyehamia ghorofani kwa binti yake na kutaka pazia la chumba alichopewa. Kitinda aliandika upana penye urefu na urefu penye upana, akatuma. Nesi akajibu, "Sawa mwanangu, ubarikiwe." Kitambaa kikakatwa, kikashonwa, kikapelekwa. Pazia lilipotundikwa lilikuwa pana la kufunika ukuta mzima, na kwa chini liliishia magotini.

Nesi hakufoka. Alituma ujumbe wa sauti. "Mwanangu, naona umenishonea sketi ya dirisha. Nikisimama kuvaa, miguu yangu yote inaonekana jengo la pili. Si neno, ni miguu mizee, hakuna atakayeitaka. Ila niambie, mbona siku hizi huongei na mimi? Nilikukosea wapi?"

Dada Pazia alisikiliza amesimama. Akaomba kwa mkono urudiwe. Kisha akachukua mfuko mpya, akautundika kwenye msumari wa chini, akazima feni, akashika simu. Kitinda aliona mishipa ya shingo ikisimama. Kilichotoka hakikuwa neno. Akajaribu tena. Fundi akainamia kitambaa, akajifanya anatafuta sindano.

Dada Pazia akamwita mdogo wake karibu, akamnong'oneza. "Wewe."

"Mimi nini?"

"Ongea. Kama mimi."

Halikuwa jambo gumu. Tangu utotoni sauti zao zilikuwa za kufanana. Mama yao alikuwa akipiga simu nyumbani, anaanza kwa kuwauliza wanawe mwenyewe, "Nani huyu?" Na mchumba mmoja wa dada aliwahi kumwagia mdogo maneno yote ya mapenzi, akakata simu ameridhika. Walikuwa wakikumbushana hayo na kucheka mpaka machozi. Kilichowatofautisha ni mwendo: dada alipozungumza alitembea, mdogo alikimbia. Kitinda akapunguza mwendo, akatia ule mkwaruzo mdogo mwanzoni.

"Habari za huko, mama. Hujanikosea popote. Mafua tu yalinibana. Haya, simama mbele ya dirisha unisikilize."

Jibu lilikuja upesi. "Ahaa. Huyu sasa ndiye ninayemjua."

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila asubuhi dada alizima feni, na mdogo akawa dada. Wateja walimpongeza kwa kupona. Kitinda aligundua kwamba alikuwa akijua mambo ambayo hakujua kuwa anayajua: mahali dada anapovuta pumzi, ile "ehee" yake kabla ya kukataa jambo, namna anavyolishusha neno la mwisho kama mtu anayeweka mzigo chini. Vipimo vikarudi kuwa sahihi. Mifuko ikapanda kwa mpango wake wa zamani. Ukiutazama ukuta, usingejua kwamba kuna kitu kimeharibika ndani ya nyumba ile.

Asubuhi moja, siku ya upasuaji ikiwa imekaribia, mteja mmoja alisimulia jinsi mume wake alivyochukua pazia jipya kutoka kwenye kamba, akalala nalo akidhani ni shuka, tena akalisifia. Kitinda akacheka. Hakucheka kicheko chake, kile chembamba cha haraka. Alicheka cha dada yake, kinachoanzia tumboni, kinanyamaza katikati, halafu kinamalizia. Kilimtoka kizima, bila kukusudia. Alipogeuka, chaki ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa na mstari umechorwa nusu. Kiti kilikuwa kitupu.

Alimkuta uani, kwenye ngazi za mlango wa nyuma, amejishika shingo kwa kiganja.

"Dada, nisamehe. Sikufanya makusudi."

Dada Pazia akatikisa kichwa. Kilichotoka kilikuwa karibu upepo mtupu. "Umecheka vizuri."

"Sitaki tena. Tuwaambie. Tuwaambie unaumwa, unakwenda kupasuliwa, na mimi ni mdogo wako nakushikia kazi. Watu si wanyama."

"Wataondoka."

"Wengine, ndiyo."

"Nani atanunua kwa mtu asiyesema?"

"Watanunua kwa anayekata. Nani anakata hapa, mimi? Mimi nikikata mtu atapata leso."

Dada yake alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Alimeza mate kwa taabu, akangoja, akasema kwa vipande. "Kule kwenye simu, mimi bado mzima. Wananiuliza mimi. Wanacheka na mimi, wananitania mimi. Ukiwaambia, ndiyo basi."

Kitinda akakaa ngazi ya chini yake. Kulikuwa na nguo za jirani kwenye kamba, na upepo ulikuwa ukizijaza na kuzitoa. Aliwaza miaka iliyokuwa mbele: kila asubuhi kuwa mtu mwingine mpaka saa ya mkasi, na huyo mtu mwingine amekaa pale pale, anasikiliza.

"Na mimi?" akauliza. "Asubuhi zote hizo, mimi nitakuwa wapi?"

Dada akageuka kumtazama. Ilionekana hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo, na kwamba kutolifikiria kulimuumiza. Lakini hakurudi nyuma.

"Niahidi," akasema.

Kitinda akaahidi. Hakuweza kumnyima kitu mtu anayekwenda kulazwa.

Kesho yake, pazia jipya la nesi likapigwa pasi, likafungwa, likatumwa. Mwenyewe hakungoja lifike. Aliposikia limeshaondoka, alituma ujumbe, na Kitinda akaufungua mbele ya wote kama walivyozoea.

"Mwanangu, nataka nikuambie jambo. Nimekuwa nesi maisha yangu yote, koo za watu nimezisikia. Ule mkwaruzo wako wa siku zile haukuwa mafua. Nilitaka kukuambia ukaangaliwe, nikaogopa kukutisha, nikawa nalala na uoga. Nilikaa na huo uoga peke yangu hapa ghorofani. Sasa nakusikia umepona kabisa, umekuwa na sauti ya msichana. Nimeshukuru Mungu kwa ajili yako. Jana nimelala usingizi mzima."

Ujumbe ukaisha. Dada Pazia alikuwa ameshazima feni, na chumba kilikuwa kimya kikingoja jibu. Joto likaanza kupanda. Kitinda alikuwa ameishika simu, kidole kikiwa karibu na mahali pa kubonyeza. Akaiweka mezani.

"Huyu siwezi," akasema. "Wengine nitafanya kama nilivyoahidi. Huyu, dada, siwezi."

Fundi, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliutazama mguu wake. Dada Pazia akanyoosha mkono nyuma ya kiti na kuiwasha feni tena. Siku ile nesi hakujibiwa.

Upasuaji ulifanyika, na ulikwenda vizuri kwa maana ambayo madaktari hutumia neno hilo. Alikaa wodini, akarudi nyumbani amepungua, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kushona kitambaa chepesi cha kufunika tundu la shingoni, kwa mabaki ya pazia la chumba cha mtoto, lenye mawingu. Wateja wengine waliondoka, kama alivyosema. Wengine walituma pole ndefu zilizojaa sala, halafu wakapotea. Waliobaki wakazoea. Kazi ni ile ile: mdomo, mkasi, pasi. Misumari ni ile ile. Kitinda husoma vipimo kwa sauti yake na kwa jina lake mwenyewe, na akianza kukimbia, dada humgongea meza kwa pete ya mkasi. Yanayobaki huyaandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza, akayafuta kwa kiganja kabla ya kutandika kitambaa. Fundi aliwahi kumwambia, "Sasa dada, hatimaye nitamaliza sentensi zangu," na wote wakaogopa, mpaka walipoona mabega ya dada yakitikisika kwa kicheko.

Lakini si kila siku ni ya namna hiyo. Mafunzo ya kuongea upya aliyaanza, akayaacha, akayarudia, na sauti ya kueleweka bado haijapatikana. Kuna asubuhi anageukia ukutani na haamki, na Kitinda hufungua chumba cha mbele peke yake. Na kuna mchana mmoja alipotoka kutuma mizigo akarudi mapema, akamkuta dada yake na simu mezani, feni imezimwa, anasikiliza jumbe zake za miaka ya nyuma, mmoja baada ya mwingine: simama mbele ya dirisha, mpenzi. Kitinda akarudi barabarani, akazunguka nyumba za jirani, akaingia baadaye kwa kishindo.

Asubuhi ya upasuaji hawakujua lolote kati ya hayo. Walikuwa kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kusafishia, dada amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, nywele zimefichwa ndani ya kofia ya kijani iliyomfanya aonekane mdogo. Kitinda alitembea kando, ameshika ukingo wa kitanda. Mhudumu aliyekuwa akisukuma alisimama mbele ya milango miwili na kusema kwa upole kwamba ndugu wanaishia hapo, na kama kuna neno, waseme sasa. Akasogea pembeni, akajishughulisha na gurudumu.

Dada Pazia akainua mkono, akamshika mdogo wake kola, akamvuta chini. Kitinda akainama. Alijua anakumbushwa ahadi, na alikuwa ameshaamua kusema ndiyo kwa lolote, kwa sababu milango ilikuwa pale na muda haukuwepo. Alihisi pumzi ya dada yake sikioni, ikikusanywa, ikipotea, ikikusanywa tena.

"Mpigie yule nesi," Dada Pazia akasema. "Mwambie wewe ni nani. Mwambie mimi niko wapi. Halafu umuulize kama pazia limefika chini."